Kapangaboi ka elfu sabini na tano: viangazi viwili na kipima upepo cha mkononi

Nianze na bei, maana najua wengi wenu mnashuka moja kwa moja kuitafuta. Shilingi 75,000, na 8,000 nyingine ya kusafirishiwa kwa basi kutoka Kariakoo hadi stendi ya Mafinga. Nilikinunua Juni 2023. Tangu hapo kimeanguka mara tatu, kimepasuka ubavu nikakibandika kwa supagluu, kimeshinda mfukoni pamoja na vumbi la majivu, na bado kinafanya kazi. Kasoro kinazo, nami nitazitaja zote, lakini mjue nazitaja kama mama anayemsema mwanawe.

Ni kipima upepo cha mkononi. Ukubwa ni wa simu ya kitochi. Juu kina tundu la mviringo, na ndani ya tundu kuna kapangaboi ka plastiki kanakozunguka upepo ukipita. Chini yake kuna kioo kinachoonyesha kasi ya upepo, joto na unyevu wa hewa. Vitufe vitatu. Betri moja ya kisahani, ile ya rimoti za magari. Jina la kampuni hakina. Kwenye boksi kuna namba tu na maandishi ya Kichina, na ukitafuta mtandaoni utawakuta ndugu zake wanaofanana naye kwa majina ishirini.

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anataka kipima upepo cha nini? Nina misindano, miti ya mbao, hapa Mufindi mkoani Iringa, kwenye mteremko unaotazama bonde. Zilikuwa ekari 14. Septemba 2022 moto kichaa ulipita, nikabaki na 11. Miti ya miaka tisa. Mwenye misindano ananielewa bila maelezo: mti ukishababuka gome unatakiwa uuvune upesi, kabla ukungu haujaingia ubao ukaugeuza rangi ya bluu, na wanunuzi wanajua una haraka. Niliuza kwa bei ambayo hadi leo sijamtajia dada yangu.

Moto ulitoka kwenye kinyungu. Kwa wasiotoka huku, vinyungu ni bustani za mabondeni, chini kabisa ambako ardhi inabaki na maji hata kiangazi. Mahindi ya kuchoma, maharage, mboga, ndiko zinakotoka wakati mashamba ya juu yamelala. Ili ulime kinyungu unafyeka, unaacha yakauke, unachoma. Aliyewasha siku ile hakuwa mlevi wala mtu mbaya. Alikuwa anafanya alichofanya mwaka jana yake na mwaka juzi yake. Alipoulizwa mbele ya serikali ya kijiji alisema, "Mbona hapakuwa na upepo?" Na hakusema uongo. Pale alipokuwa amesimama, chini bondeni, hapakuwa na upepo wa kutajwa.

Jibu lile lilinikera mwaka mzima. Ndilo lililonipeleka kununua hiki kidude.

Sasa jambo ambalo hakuna tangazo litakalokwambia: nilikinunua kwa ajili ya upepo, lakini ninachokitumia zaidi ni unyevu. Wiki mbili za kwanza nilitembea nimekiinua juu kama msimamizi wa mtihani anayeonyesha saa, nikifurahia kapangaboi kanavyozunguka. Kisha nikaanza kuandika namba kwenye daftari: saa moja asubuhi, saa sita, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Nikaona kitu ambacho miaka yote niliyofundisha Sayansi darasa la sita nilikuwa nakisema bila kukishika.

Hii ni siku moja ya Agosti 2023, nainakili kama ilivyo. Saa moja asubuhi: joto nyuzi 9, unyevu asilimia 78. Saa nane mchana: nyuzi 23, asilimia 29. Kati ya saa hizo mbili hakuna aliyekamua maji kutoka kwenye ile hewa. Maji ya asubuhi kwa sehemu kubwa yalikuwamo bado mchana, ila joto limepanda, na hewa ikipata joto uwezo wake wa kubeba maji unaongezeka. Ni sawa na debe moja la mahindi ulilolitoa kwenye kifuko ukalimwaga kwenye gunia la kilo mia. Mahindi ni yaleyale, lakini gunia linaonekana tupu. Na hewa yenye gunia tupu inaokota maji popote inapoyakuta: kwenye midomo yako, kwenye nguo ulizoanika, kwenye nyasi.

Nyasi iliyokufa haina tena mzizi wa kunywea. Inakunywa hewa. Hewa ikiwa na unyevu nayo inalainika, hewa ikikauka nayo inakauka, na kwa jani jembamba mabadiliko hayo yanachukua kama saa moja tu. Kijiti cha unene wa penseli kinahitaji nusu siku hivi. Gogo la unene wa mkono ni siku kadhaa. Ndiyo maana mtu anakwambia, "Lakini juzi palinyesha manyunyu," huku majani yanawaka mbele yake. Gogo bado lina manyunyu ya juzi, nyasi imeshayasahau tangu jana asubuhi. Moto nao, kabla haujala jani, lazima kwanza uchemshe maji yaliyomo ndani yake. Jani lenye maji linautoza moto ushuru. Jani kavu linaufungulia geti.

Kwa daftari langu na kwa mteremko wangu, mambo yako hivi. Unyevu ukiwa juu ya 60, unamaliza kiberiti bure. Ukiwa 40 na kidogo, nyasi inawaka kwa uvivu, unaweza kuisogelea na tawi bichi ukaipiga. Ukishuka chini ya 30 sichomi kitu, hata takataka za uani. Chini ya 20 nimepaona mara nne tu, zote Septemba na Oktoba, zote baada ya saa saba mchana. Siku hizo hata jiko la mkaa naliwasha kwenye zege na ndoo ya maji iko pembeni. Wewe wa sehemu nyingine usichukue namba zangu ukaenda nazo kwako, andika zako.

Je, namba zenyewe ni za kweli? Hapa ndipo bidhaa za bei hii huwa zinaaibika, kwa hiyo nilikipima chenyewe. Mpwa wangu aliyesomea misitu SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ndiye aliyenifundisha. Unachukua chumvi ya kawaida ya mezani, unaijaza kwenye kifuniko cha soda, unadondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Unaweka kifuniko hicho pamoja na kifaa ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimi nilitumia ya siagi ya karanga, unaifunga isipitishe hewa, unaiacha usiku kucha mahali ambapo joto halipandi na kushuka. Hewa juu ya chumvi iliyoloa hukaa kwenye asilimia 75, ndivyo chumvi ilivyo. Asubuhi changu kilisema 71. Nikarudia siku ya pili, 71. Kwa hiyo najua kinadanganya kwa nne, na kinadanganya kwa uaminifu. Nilikilinganisha pia na vipimajoto viwili vya zamani, kimoja nimekivisha kitambaa kilicholowa ili pengo la joto kati yao linipe unyevu, na kwenye mchana mkavu kifaa kikapishana nao kwa asilimia 3. Kwa elfu sabini na tano siwezi kudai zaidi.

Kasoro yake kubwa ni uvivu. Upepo kinausoma papo hapo, lakini unyevu kinachukua dakika nane mpaka kumi kutulia, na kwenye maelekezo hakuna neno hata moja juu ya hilo. Siku moja Julai nilikitoa mfuko wa ndani wa koti nikiwa nimepanda mlima, natoka jasho. Kikasema 51. Nikawaambia vijana, "Washeni." Tulikuwa tunachoma ukingo wa barabara ya moto, ule ukanda mtupu tunaouacha kati ya miti na majani ili moto ukija ukose chakula. Kijana wa kwanza hajamaliza kutembea hatua kumi na mwenge wake, nikatupia jicho kioo: 44. Dakika mbili, 37. Kumbe muda wote kilikuwa kinasoma jasho langu! Tulizima haraka, ilikuwa kipande kidogo, lakini mikono ilinitetemeka mpaka chai ya saa kumi. Tangu siku ile hakikai mfukoni tena. Kinaning'inia nje ya begi kwa kamba, na nikifika nakizungusha kivulini kama mtu anayezungusha funguo, mpaka namba isimame.

Kivulini, narudia. Juani kinapata joto lake chenyewe. Nimekiona kikisoma nyuzi 31 mchana ambao kivulini ulikuwa 22, na unyevu ukashuka kwa uongo vilevile.

Kwenye upepo sina malalamiko ya kipimo, ila unatakiwa ujue unachosoma. Kinatoa namba mbili, ya wastani na ya juu kabisa iliyofikiwa. Watu wanasoma ya wastani kwa sababu ndiyo kubwa kwenye kioo. Soma ile ndogo pembeni. Nina siku kwenye daftari ambayo wastani ni mita 3.1 kwa sekunde, upepo wa kupeperusha kitenge tu, na ya juu ni 8.4. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa: kama 11 dhidi ya 30. Moto hausubiri wastani. Ile sekunde moja ya 30 ndiyo inayoulaza mwali ubembeleze majani ya mbele yakauke kabla haujayafikia, na ndiyo inayookota cheche na kuzivusha barabara ya moto uliyoilima kwa wiki mbili.

Halafu, unapima ukiwa umesimama wapi? Swali hili ndilo lililonifungua macho kuhusu 2022. Mchana mmoja mkavu nilipima chini kwenye vinyungu saa saba: mita 1.2. Nikapanda mteremko wangu, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa magoti yangu, nikapima juu mgongoni: 5.6, na mikupuo ya 9. Bonde moja, mchana mmoja. Jua likipiga miteremko hewa inapata joto na kupanda, kwa hiyo mchana upepo wa bonde unapanda mlima, na jioni hewa ikipoa unageuka, unashuka. Moto wenyewe pia hupenda kupanda, kwa kuwa mwali unayaegemea majani yaliyo juu yake. Wazima moto wana kanuni ya kukadiria kwamba kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto kupanda inakuwa maradufu. Sasa weka pamoja: vinyungu viko chini, miti yetu iko juu, na watu wanawasha saa saba mchana kwa sababu ndiyo saa majani "yamekauka vizuri". Yule bwana hakuwa na upepo pale aliposimama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa bomba la moshi.

Kuna kanuni nyingine ambayo mpwa wangu aliniletea akiwa na furaha, wanaitumia wazima moto wa Hispania na Chile: thelathini tatu. Joto likizidi 30, upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa, na unyevu ukishuka chini ya 30, jiandae. Ni nzuri kukariri, na mbili kati ya hizo tatu nazikubali. Ile ya joto huku kwetu itakuua. Tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Daftari langu la viangazi viwili halina hata nyuzi 28. Tunavaa masweta kuzima moto! Ukingoja joto la 30 hapa Mufindi utangoja mpaka misindano iwe makaa. Na anayedhani baridi ni kinga akumbuke Kilimanjaro: moto wa Oktoba 11, 2020 uliwaka eneo la Whona, kati ya kambi ya Mandara iliyo mita 2,720 na ya Horombo iliyo 3,720, mahali ambapo mgeni analala na soksi mbili. Ulichoma zaidi ya wiki, ukala karibu kilomita za mraba 95 za mlima. Joto la hewa halikuwa na habari nao. Vichaka vilikuwa vikavu na upepo ulikuwapo, basi.

Ndiyo maana kwenye kioo cha kifaa hiki namba ya joto mimi siitazami kabisa, isipokuwa kujua kama nibebe koti.

Kuna kimoja hakipimi, nacho ni nyasi zenyewe: ziko ngapi, na zimekufa kiasi gani. Baada ya mvua za El Niño za msimu wa 2023/24, majani kwenye mpaka wangu yalifika begani. Watu walifurahi, mwaka wa neema. Mimi nilikuwa nahesabu kuni. Mvua nzuri ya Machi ndiyo petroli ya Septemba, na jambo hilo hakuna kitufe chake. Juni majani yana kijani chini na ukavu juu, moto unachechemea. Agosti kijani kimekwisha. Ukiwa unataka kuchoma barabara za moto fanya mapema, Juni mwishoni au Julai mwanzoni, na hapo kifaa kinakusaidia kupata saa inayofaa ndani ya siku, ambayo mara nyingi ni fupi kuliko unavyodhani. Kwangu ni kipindi cha jioni cha kama dakika tisini tu, umande haujaanguka na upepo umeshatulia.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie simu, bure. Nimeitumia. Programu ya hali ya hewa kwenye simu inanipa Mafinga mjini, na mteremko wangu hauko Mafinga mjini. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausikiliza kila jioni, na wakisema upepo mkali wa kusi unakuja nawaamini, lakini nao wanasema mkoa, hawasemi bonde. Kuna pia ramani ya satelaiti ya NASA inayoitwa FIRMS, ya bure, inayoweka nukta nyekundu palipo na moto, kila nukta ya satelaiti zile mpya ikiwa na upana wa mita 375. Ni kitu kizuri kwa meneja wa shamba kubwa kama Sao Hill anayetazama maelfu ya hekta. Mimi mwenye ekari 11, nukta ikinifikia kwenye simu moto umeshanywa chai kwangu ukaondoka. Ramani ni ya kujua palipoungua. Kapangaboi ni ka kabla ya kiberiti.

Na kabla ya kiberiti pana watu. Hapa niwape kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifanya nione hela yangu imerudi.

Jirani yangu wa bondeni ni mzee wa miaka themanini na kitu, mwenye kinyungu kizuri kuliko vyote. Septemba mwaka jana, saa saba na robo mchana, namwona ana mwenge wa majani mkononi. Nikashuka mbio.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, Mwalimu. Mbona unahema?"

Nikamwambia leo tusichome, hewa ni kavu mno, na juu kuna upepo. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mimi nachoma hapa tangu baba yako hajaoa." Nikamwonyesha kioo: asilimia 22. Akakishika, akakigeuza, akapuliza kapangaboi kwa mdomo, kakazunguka, akacheka. "Hiyo saa yako inasema saa ngapi?"

Namba haikumgusa. Ningebishana naye mpaka jioni. Kilichomgusa ni kwamba niliinama, nikang'oa fungu la majani, nikalifinya kiganjani karibu na sikio lake. Likalia kama karatasi ya sabuni. Akanyamaza. Akang'oa la kwake, akalifinya, likalia vilevile. "Yanalia," akasema. Hicho ndicho kipimo cha wazee wa huku: majani yakilia hayachomwi bila watu. Alikuwa anakijua kabla mimi sijazaliwa, alikuwa tu amekiacha kwa sababu ana haraka ya kupanda maharage. Tukakubaliana jioni. Saa kumi na moja na nusu kifaa kilisema 41 na upepo umegeuka, unashuka, mita 0.8. Tukawasha kuanzia upande wa juu, ili moto ule kwa kurudi nyuma dhidi ya mteremko, vijana watatu na matawi, mabomba mawili ya mgongoni yamejaa maji. Ulikula majani taratibu kama mbuzi mzee. Saa moja usiku tulikuwa tunakula viazi.

Tangu siku hiyo mjukuu wake anakuja getini kila kukicha wakati wa kiangazi. "Bibi, shikamoo. Babu anauliza leo ngapi?" Nampa namba, anakimbia nayo asiisahau njiani. Nimegundua kwamba watu hawapendi kuambiwa "usichome" na jirani, inakuwa ugomvi wa mimi na wewe. Ila "leo ni 24" haina mwenyewe, hakuna wa kuikasirikia.

Turudi kwa muuzaji, maana hii ni tathmini na si hadithi. Duka sitalitaja. Kwenye picha kifaa kilikuwa na taa ya kioo na uwezo wa kuunganishwa na simu. Kilichonifikia hakina taa wala hakiunganishwi na chochote. Nilipopiga simu nikaambiwa, "Mama, picha ni mfano tu." Mfano wa nini, hakusema. Betri iliyokuja ndani ilikuwa imekufa, na siku nne za kwanza nilidhani nimetapeliwa kabisa mpaka fundi saa wa karibu na stendi aliponiwekea nyingine. Waranti hakuna. Risiti ilikuja baada ya kuomba mara tatu. Mfuko wa kuhifadhia ni wa kitambaa chepesi kiasi kwamba vumbi linauona kama mlango wazi.

Vumbi ndilo linalokiua polepole. Majivu na utomvu vinaganda kwenye ekseli ya kapangaboi, kanakuwa kazito, na upepo wa mita 1 hakauoni tena. Nakasafisha kwa brashi laini ya meno iliyokauka, kila Jumapili, na sikatii mafuta, kwa sababu niliwahi kutia tone moja la mafuta ya cherehani na likageuka gundi ya vumbi ndani ya siku mbili. Kioo kwenye jua kali hakisomeki, unalazimika kukifunika kwa kiganja kama anayesoma meseji ya siri. Mvua sijakijaribia na sishauri.

Nikipe ngapi? Upepo, tisa kwa kumi. Unyevu, saba, na ukishakipima kwa chumvi, nane. Joto, kivulini, sina ugomvi nalo. Uimara, sita. Muuzaji, mbili, na hizo mbili ni za yule dereva wa basi aliyenipigia saa kumi alfajiri kuniambia mzigo umefika.

Usikinunue kama unaishi mjini na unataka kujua tu kama ni siku ya upepo. Toa kichwa dirishani. Wafugaji nyuki mlioniuliza, ndiyo, kinawafaa, hasa nyie mnaotumia moshi kurina Septemba. Wenye mashamba ya miti, kinunueni kabla ya Juni, ili muwe na mwezi wa kuandika namba za kwenu kabla majani hayajaanza kulia. Betri ya akiba inauzwa shilingi 2,000 Mafinga.

Cha pili kimeshaagizwa na kamati ya mazingira ya kijiji, kwa muuzaji mwingine. Safari hii tumemwomba atutumie picha ya kile hasa anachokifunga kwenye boksi, kikiwa mkononi mwake kimewashwa, na gazeti la siku hiyo pembeni.